Jinsi Nilivyounganisha Kisumu na Kakamega kwa Kadi ya Daraja la Ethaneti

Nilipokabidhiwa kazi ya kuunganisha kompyuta za ofisi yetu ya Kisumu na zile za tawi la Kakamega, tayari kulikuwa na laini ya E1, aina ya laini ya kidijitali, baina ya miji hiyo miwili, nayo ilibeba simu kumi tu kupitia multipleksa, kifaa kinachopitisha simu nyingi katika laini moja, iliyofungwa kila upande. Badala ya kukodi laini ya pili, niliamua kuchomeka kadi ya daraja la ethaneti, inayounganisha mitandao ya kompyuta ya pande mbili, katika kila multipleksa, ili nafasi zilizokuwa wazi zipitishe data.

Laini ya E1 hubeba kilobiti 2,048 kwa sekunde, zilizogawanywa katika nafasi 32 za kilobiti 64 kila moja. Nafasi ya 0 hulinda mpangilio wa fremu, yaani mzunguko mmoja wa nafasi zote 32, na ya 16 kwetu ilibeba ishara za simu. Simu zenyewe zilikalia nafasi ya 1 hadi ya 10, nami nikaipa kadi ya 17 hadi ya 31, yaani nafasi 15 zenye jumla ya kilobiti 960. Kwa njia nyembamba kiasi hicho, daraja linafaa sana, kwa kuwa hujifunza anwani za kompyuta za kila upande na kuyazuia mazungumzo ya ndani ya ofisi moja yasivuke bure.

Kuchomeka kadi kulikuwa kazi ya dakika chache. Kisha mwenzangu aliyekuwa Kakamega akanipigia simu: "Huku taa zote ni za kijani, lakini hakuna kinachopita." Kwangu hali ilikuwa hiyo hiyo, na tulipoteza asubuhi nzima tukibadilisha kebo zisizo na kosa. Mchana nilimwomba anisomee mipangilio yake mstari kwa mstari, ndipo nikasikia kwamba nafasi zake ziliishia ya 30. Kadi yangu ilituma baiti 15 katika kila mzunguko, yake ikapokea 14, kwa hiyo kila fremu ya ethaneti, yaani fungu la data, ilifika imepungua na kutupwa. Taa haziwezi kuonyesha kosa hilo: ile ya ethaneti huangalia kebo ya swichi, na ile ya E1 huangalia mpangilio wa laini, wala hakuna inayolinganisha nafasi za pande mbili.

Aliporekebisha, mawasiliano yalipita, ila mafaili makubwa yalisuasua, na wahudumu wa simu wakalalamika kuwa wanasikia mlio wa "tik" kila baada ya muda mfupi. Malalamiko yao yalinisaidia kuliko kipimo chochote, kwa sababu mlio huo ni dalili ya saa mbili, yaani mapigo yanayoongoza kasi ya kutuma biti, zisizokwenda pamoja. Kila multipleksa ilikuwa ikitumia saa yake ya ndani. Tofauti ndogo ilijilimbikiza hadi fremu nzima ya E1 ikarukwa au kurudiwa, na data iliyokuwa njiani ikaharibika. Niliiacha Kisumu itumie saa yake, nikaiagiza Kakamega ichukue saa kutoka kwenye laini. Mlio ulikoma, na kihesabu cha makosa kikasimama.

Tulihifadhi mipangilio katika kumbukumbu ya kudumu, na jioni, ofisi zilipofungwa, mwenzangu akaizima multipleksa ya Kakamega na kuiwasha tena. Daraja lilirudi lenyewe bila sisi kugusa kitu.