Vuta Pumzi, Zuia, Achia

Ilikuwa Januari 2018, jijini Delhi. Nje kulikuwa na ukungu na baridi ambayo sisi watu wa Tanga hatuijui. Ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi nilisimama kando ya kitanda cha baba, nimevaa gauni la hospitali, kofia na barakoa. Niliruhusiwa kuingia kwa sababu moja tu: baba hajui Kiingereza wala Kihindi, na daktari wa altrasaundi alihitaji mtu wa kumwambia apumue vipi.

"Vuta pumzi, baba. Zuia. Haya, achia."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu asubuhi na jioni, tangu baba alipotolewa mashine ya kupumulia. Ini lake lilikuwa limeliwa na homa ya ini aina ya B kwa miaka mingi bila yeye kujua. Sasa alikuwa na ini la mdogo wangu, ambaye alikatwa upande wote wa kulia, zaidi ya nusu ya ini lake, naye alikuwa amelazwa wodi ya juu na mshono wake.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiyechoka kueleza. Alipaka jeli ya baridi, akakandamiza kifaa chini ya mbavu pembeni ya bandeji, kisha akanionyesha. Nilidhani nyekundu kwenye skrini ni damu safi na bluu ni chafu. Kumbe nyekundu ni damu inayokuja kukielekea kifaa, na bluu ni ile inayokwenda mbali nacho. Kisha akafungua sauti. Vena inayoleta damu kutoka kwenye utumbo ilivuma mfululizo, kama kusi ikiwa haijakatika. Ateri ya ini ilipiga: fwaa, fwaa, fwaa. Hiyo ni nyembamba kuliko mrija wa soda, na ndiyo aliyoiogopa kuliko zote, maana njia za nyongo za ini lililopandikizwa hulishwa na ateri hiyo peke yake. Ikiziba, zinaoza. Mashine ilitoa pia namba ya ukinzani wa damu, na alitaka iwe kati ya 0.5 na 0.8. Niliandika kwenye daftari: 0.64. 0.61. 0.66.

Kila jioni nilipanda wodi ya juu. Mdogo wangu aliuliza, "Dada, leo limepigaje?" Nami nikamwigia: fwaa, fwaa.

Siku ya nne baba aliamka vizuri kuliko siku zote. Weupe ulikuwa umeanza kurudi machoni. Aliomba uji wenye ndimu. Jioni daktari akaweka kifaa, vena ikavuma kama kawaida, akahamia kwenye ateri. Kimya. Vuta pumzi, baba. Zuia. Achia. Akamgeuza ubavu, akapitia kati ya mbavu, akarekebisha mashine ili hata damu ya polepole ionekane. Kimya. Akamwita mwenzake, naye akatafuta.

"Mama, mbona leo wanakandamiza sana?" baba aliniuliza.

"Wanatafuta pa kuonea vizuri, baba."

Daktari alinivuta pembeni. Alisema uvimbe au hewa ya tumboni huweza kuificha ateri, lakini yeye hawezi kulala na swali kama hilo. Wakampeleka kwenye sitiskani ya dawa ya rangi. Damu ilikuwa imeganda pale ateri iliposhonwa. Saa tano usiku nilitia sahihi, wakamrudisha chumba cha upasuaji.

Watu wakiniuliza habari za safari ile huuliza gharama. Mimi hukumbuka kwamba baba hakuumwa popote. Hakuwa na homa, na alitaka uji. Wangengoja alalamike, wangekuwa wamechelewa.

Nilimweleza mdogo wangu ukweli wote. Alinyamaza, akaangalia ukuta.

"Kama wanataka kipande kingine, wachukue."

"Haichukuliwi mara mbili," nikamwambia.

Waliitoa ile damu iliyoganda, wakaishona ateri upya. Baba alirudishwa alfajiri. Yule daktari alifika kabla ya zamu yake, koti la baridi bado mwilini. Sikuwa na kazi asubuhi ile, kwani mashine ndiyo iliyompumulia baba, lakini hakunitoa. Aliweka kifaa. Nilijikuta nimezuia pumzi mimi mwenyewe.

Fwaa. Fwaa. Fwaa.

0.58. Daktari akaniambia nitoe simu nirekodi.

Nikapanda ngazi. Mdogo wangu aliiweka simu sikioni, akasikiliza zile sekunde kumi na moja hadi mwisho. Akairudisha mwanzo. Akairudisha tena.