Siku moja maishani mwangu: kipaza sauti na majina ya watu, Charleston

Saa 12 asubuhi

Kabla ya kuangalia simu nakagua koo. Maji ya moto, tangawizi, asali, kisha nakaa kimya dakika chache. Sinong'oni asubuhi. Watu wengi hudhani kunong'ona kunapumzisha sauti, kumbe kwa wengi kunaweza kuichosha zaidi.

Halafu nampigia mama. Kwao Tanga ni saa 7 mchana, ameshapakua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo unawaita nani?"

Mama sikio lake moja halisikii vizuri, kwa hiyo lazima nitamke kila silabi ikamilike bila kupiga kelele. Dakika kumi za kuongea naye ndizo mazoezi yangu ya sauti.

Kwa wasionijua: kila mwezi wa nne natangaza kwenye mashindano ya tenisi ya wanawake, Charleston Open, ngazi ya WTA 500 (WTA ni chama cha tenisi ya wanawake duniani), huku South Carolina, Marekani. Sipo uwanja mkuu. Nipo uwanja wa pili, uliopewa jina la Althea Gibson. Watu wa nyumbani huniuliza kama mimi ndiye ninayesema "15 kwa 0". Hiyo ni kazi ya mwamuzi aliyekaa kwenye kiti kirefu. Mimi huongea mpira ukiwa umesimama: nakaribisha watu, naita wachezaji waingie, natoa matangazo, na baada ya mechi namhoji mshindi.

Saa 2 asubuhi

Kisiwa cha Daniel, palipo na viwanja vyetu, bado kina ubaridi. Vijana wa uwanja wanaburuta mikeka ya kusawazishia udongo, na udongo wenyewe ni wa kijani, si mwekundu kama wa mashindano ya Ufaransa kule Paris. Ni mawe yaliyosagwa, magumu kidogo chini ya kiatu, na hukauka upesi mvua ikipita.

Ratiba ya siku nimeshaipata jana usiku. Sasa naketi na kadi zangu. Kila mchezaji ana kadi moja ngumu yenye jina lake kwa maandishi yao, na chini yake jina lilelile kwa tahajia ya Kiswahili. Wenzangu hushangaa, lakini sijaona chombo bora kuliko hiki. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa, kwa hiyo nikiandika vizuri, mdomo haunidanganyi. Zheng Qinwen wa China, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki Paris 2024, naandika *Jang' Chinwen*, na ile ng' yetu ya ng'ombe inakaa pale mwisho kama imetengenezewa jina hilo. Muchová wa Czech ni *Mukhova*, kh ya Khamisi. Świątek wa Poland ni *Shfyontek*.

Herufi si tatizo langu kubwa. Tatizo ni mkazo. Ulimi wa Mswahili hukandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, umelelewa hivyo. Kwa Wapoland hakuna shida, nao hukandamiza hapo hapo. Lakini Wacheki hukandamiza silabi ya kwanza, MU-khova. Na Kasatkina, bingwa wa hapa hapa mwaka 2017, ni ka-SAT-kina. Nikiuachia ulimi wangu utasema kasat-KI-na. Kwa hiyo kila kadi ina mstari wa kalamu nyekundu chini ya silabi inayobeba uzito.

Kuna majina yanayonijia kama ya jirani, na hayo ndiyo ya kuogopwa. Ons Jabeur wa Tunisia, bingwa wa 2023, ukoo wake kwa maandishi ya Kiarabu ni Jabir, na kwetu pwani Jabiri tunao wengi. Haddad nalo tunalijua. Mara ya kwanza nilipoona jina la Beatriz Haddad Maia nilijiambia hili halihitaji kuulizwa. Kumbe Wabrazil husema *Adaji*. Jina lilitoka kwa Waarabu wa Lebanon, likavuka bahari, likapata sauti nyingine, na mwenyewe ndivyo anavyoitwa. Tangu siku hiyo nauliza hata ninachodhani nakijua. Kwanza nasikiliza rekodi ambazo wachezaji wenyewe hutamka majina yao, kisha nikibaki na shaka naenda kumuuliza mchezaji au kocha. Hakuna aliyewahi kukasirika kwa kuulizwa.

Saa 4 asubuhi

Majaribio ya sauti na fundi mitambo. Leo spika za upande wa mbali zinachelewa kidogo, kwa hiyo nasikia neno langu likinirudia wakati nimeshaanza linalofuata. Ukifuata mwangwi utaanza kuvuta maneno kama mlevi. Dawa yake ni kusema jina la kwanza, kunyamaza kidogo mwangwi ufike, ndipo useme la pili. Tunarudia mara sita mpaka fundi ananionyesha dole gumba.

Saa 5 asubuhi

Mechi ya kwanza. Nawakaribisha watu, na kila asubuhi natumia nusu dakika kusema walipo. Mashindano haya yalianza mwaka 1973 kisiwani Hilton Head, bingwa wa kwanza akiwa Rosie Casals, yakahamia hapa 2001. Na uwanja huu una jina la binti aliyezaliwa Silver, South Carolina, mwaka 1927. Althea Gibson alikuwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam, yaani moja ya mashindano manne makubwa ya tenisi, Ufaransa mwaka 1956, kisha akatwaa Wimbledon mwaka uliofuata. Hakuna aliyeniagiza kuyasema haya. Nayasema kwa sababu kuna watoto wanaokaa kwenye benchi hizi bila kujua jina lililo juu ya vichwa vyao ni la nani.

Kisha wachezaji wanasimama mlangoni, mikoba mabegani. Aliye karibu nami anagongesha raketi kwenye soli ya kiatu, kushoto, kulia, kushoto. Kwangu hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Naeleza nchi, taji moja au mawili, na jina linakuja mwisho, kamili, mara moja. Sivuti jina kama la bondia anayeingia ulingoni. Wapo wanaopenda hivyo, na mashabiki hushangilia, lakini jina likivutwa sana linakuwa la mtangazaji.

Kura ya sarafu, dakika chache za kupasha misuli, na baada ya hapo nafunga kipaza sauti. Wachezaji wanapobadilishana upande nina sekunde 90 tu, na ndani yake muziki nao unadai nafasi yake. Tangazo la mtoto aliyepotea lazima liingie humo humo na liishe kabla mwamuzi hajawaita wachezaji.

Saa 8 mchana

Seti ya pili, gemu 4 kwa 4, radi inasikika upande wa mto. Mwamuzi anasimamisha mchezo, nami napewa karatasi: watu watoke kwenye majukwaa.

Hapa sauti ya harusi haifai. Nilianzia kipaza sauti Tanga, nikiwa mshereheshaji, na kule ukiona ukumbi umelegea unapandisha. Kwenye radi unashusha. Sentensi fupi, moja moja: mchezo umesimama, tafadhali ondokeni kwenye viti, nendeni mkajikinge kwenye majengo, tutawaambia. Narudia mara tatu kwa maneno yaleyale, kwa sababu ukibadilisha maneno watu hudhani habari imebadilika. Bibi mmoja amebaki ameketi, mkoba magotini. Nashuka mwenyewe nampa mkono mpaka chini ya paa.

Saa 10 jioni

Mvua imepita, udongo umenywa maji, tunaendelea. Mechi inaisha kwa msichana aliyetokea raundi za kufuzu kumtoa mwenzake aliyepangwa juu. Namhoji. Ananishika mkono kwanza, anasema, "Asante kwa kulisema jina langu."

Sikuwa hivi tangu mwanzo. Miaka mingi nyuma, kwenye mashindano madogo ya jimbo jingine, niliita jina la mchezaji nilivyoliona kwenye karatasi na mkazo wangu wa nyumbani juu yake. Alishinda, nikaliita tena vilevile. Baada ya mechi alinifuata mzee mmoja, kofia mkononi, akasema kwa upole kabisa: "Binti yangu ameshinda leo, lakini hukumtaja yeye." Kisha akanifundisha, silabi kwa silabi, tumesimama karibu na mashine ya soda, mpaka nikalipata. Ningependa angenigombeza. Kwenye harusi nilijua ukikosea jina la mjomba upande mzima wa ukumbi unanuna. Hapa sikuwa nimefikiri kwamba mchezaji aliye peke yake uwanjani naye ana upande wa ukumbi, hata kama uko mbali, umekaa mbele ya runinga usiku wa manane.

Saa 1 usiku

Mechi ya wawili wawili: majina manne, nchi nne, na baridi imerudi. Walio kwenye viti hawafiki mia moja. Nawaita wachezaji kama nilivyowaita wa mchana, kwa sauti ileile. Walioshindwa wanapokusanya mikoba nawataja tena kabla ya washindi, nikiwaomba watu wawapigie makofi. Mmoja ananyanyua mkono bila kugeuka.

Saa 3 usiku

Supu ya kuku, kimya kabisa. Ratiba ya kesho imeingia. Majina mapya matatu. Mawili nimeyapata kwenye rekodi, nimeyaandika na kupiga mstari mwekundu. La tatu rekodi hakuna, na silabi zake naweza kuzisoma kwa njia mbili, zote zinaelekea kuwa sawa. Nimeandika njia zote mbili kwenye kadi, nikaweka alama ya kuuliza katikati. Ameandikiwa uwanja wa mazoezi namba 9 saa 2 na nusu asubuhi. Nitakuwa pale saa 2 na robo.