Siku moja maishani mwangu: kujaribu marisau kabla ya bata

Saa 12 asubuhi. Kutoka Arusha Mlima Meru unaonekana wote, hauna wingu. Nahesabu katriji, visanduku vitatu, jumla 75, naziandika daftarini. Kazi yangu ni kuandaa bunduki za wawindaji wa ndege.

Saa 2. Kiwanja cha shabaha, upande wa Monduli. "Shikamoo Mzee." "Marahaba. Tuwahi, upepo haujaamka." Tunapima mita 36 kwa tepu na kutundika karatasi pana.

Saa 3. Bunduki ni namba 12, kipimo cha upana wa mtutu. Aina tatu za katriji, choki mbili (ule mbano wa mdomo wa mtutu), na kila mseto milio mitatu, maana mlio mmoja unaweza kubahatisha.

Watu hushangaa nikiwaambia katriji hizi hazina risasi, ile metali nzito. Ni chuma. Bata humeza changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, na marisau, zile punje za katriji, yaliyozama topeni huyameza vivyo hivyo. Yakiwa ya risasi husagika, sumu ikaingia mwilini, na ndege hufa taratibu bila kupigwa na mtu. Marekani ilipiga marufuku risasi kwa uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991, nami naona walifanya vyema. Ila chuma ni chepesi: gramu 7.8 kwa sentimita moja ya ujazo, risasi ni 11.3. Huishiwa kasi mapema. Aliyezoea namba 4 ya risasi achukue namba 2 ya chuma; namba ikishuka, punje inanenepa.

Saa 5. Nachora duara la sentimita 76 penye matundu mengi, natia alama kila tundu kwa kalamu ya maka. Kisha natembeza juu yake bata wa kadibodi, saizi yake halisi. Kwenye katriji za bei rahisi kuna pengo ambamo bata mzima anatoshea bila kuguswa. Namba 4 ya chuma imejaza duara vizuri sana, nikaipenda. Mzee akaleta rundo la magazeti yaliyolowa, tukalipiga mlio mmoja wa namba 4 na mmoja wa namba 2: namba 4 ikaishia kurasa za juu, namba 2 ikazama mbali zaidi. Kwa namba 4 tungejeruhi bata akafie kwenye matete.

Saa 9. Zimebaki 55, maganda 20. Nabandika karatasi ndani ya sanduku la bunduki: "Chuma namba 2, choki ya kati, usizidishe mita 35."