Nilivyopata chaji yote ya tufe ambalo densiti yake inabadilika

Jibu langu lilizidi la kitabu mara mbili kamili, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kosa la ovyo halitoi namba iliyonyooka namna ile.

Swali lilihusu tufe lenye nusu kipenyo R. Densiti ya chaji, yaani chaji ya umeme iliyomo katika kila kipimo kimoja cha ujazo, katikati ni ρ₀, inapungua kadiri unavyotoka nje hadi inakuwa sifuri usoni: ρ = ρ₀(1 − r/R), r ikiwa umbali kutoka katikati. Tafuta chaji yote. Nikasema, inaanzia ρ₀ inaishia sifuri, basi wastani ni ρ₀/2. Nikazidisha kwa ujazo, 4πR³/3, nikapata 2πρ₀R³/3. Kitabu kilisema πρ₀R³/3.

Jioni nikawa naandaa kachumbari. Kitunguu kimoja nikakibandua tabaka moja moja nikayapanga mezani. La nje lilijaa kiganja, la ndani kabisa lilikuwa kama punje ya harage, ilhali unene wake ulikaribiana. Nikaweka kisu chini. Wastani wangu ulikuwa umeyahesabu matabaka yote kuwa sawa! Kumbe sehemu iliyo nje ya R/2 peke yake imebeba 7/8 ya ujazo wote, na huko ndiko chaji ilikokuwa haba.

Nikarudi kwenye daftari. Tabaka jembamba lenye unene dr, lililo umbali r kutoka katikati, lina eneo 4πr², kwa hiyo ujazo wake ni 4πr²dr. Ndani yake densiti ni ileile kila upande, maana inategemea r tu. Basi:

dQ = ρ₀(1 − r/R)·4πr²dr

Nikaintegreti, yaani nikajumlisha matabaka yote, kuanzia 0 hadi R. Sehemu ya r² inatoa R³/3, ya r³/R inatoa R³/4, tofauti yake R³/12. Zidisha kwa 4πρ₀: πρ₀R³/3. Kwa R ya sentimita 10 na ρ₀ ya mikrokulombi 3 kwa mita ya ujazo, ni nanokulombi 3.14. Njia yangu ya kwanza ingetoa 6.28.

Sasa siandiki alama ya integrali kabla sijachora kipande chenyewe. Fimbo naikata vipande vya dx, kisahani nakikata pete zenye eneo 2πr dr. Kwa tufe, nikimaliza nafanya densiti iwe ρ₀ kila mahali. Isipotoka 4πρ₀R³/3, tabaka langu nimelikata vibaya.