Kinyonga Niliyemsahau Mfukoni

Nilimgundua asubuhi, nikiwa nakung'uta mifuko ya kitambaa ili niianike. Mifuko kumi na mmoja ilikuwa mitupu. Wa kumi na mbili nao niliuona mtupu, nikaingiza mkono kuugeuza, na hapo kidole gumba kikahisi mtetemo, kama simu iliyozimwa sauti inapoita. Alikuwa amejishikiza kwenye mshono. Kinyonga mdogo, hamalizi urefu wa kidole changu cha kati, rangi ya jani lililonyauka, ubavuni ana mistari ya kahawia iliyokaa kama mishipa ya jani, na kimkia kifupi kisichoweza hata kujizungusha vizuri kwenye kijiti. Hawa wadogo wa vichaka vya chini hufanya hivyo wakishikwa. Hawapigi kelele, hutetemeka mwili mzima.

Ilikuwa Julai 2009, Sigi, chini kabisa ya njia ya kupanda Amani, Usambara Mashariki. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana wa Manyoni ambaye hadi wiki ile hakuwahi kuingia msitu wa mvua. Kazi yetu ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa kutembea usiku na tochi, kutoka Sigi hadi Amani, na kuhesabu vinyonga. Mchana unaweza kupita mbele ya kinyonga mara kumi usimwone. Usiku hulala kwenye ncha za vijiti na majani, rangi yake imepauka, na ukimmulika anang'aa kama karatasi. Tunamshika, tunampima kwa rula, tunamweka kwenye mzani mdogo, tunafunga utepe wenye namba kwenye kijiti alichokuwa amelala, kisha tunamrudisha kwenye kijiti kilekile. Kuhusu hilo la kumrudisha hatukuruhusiwa uzembe hata kidogo.

Usiku ule tulifanya kazi juu, karibu na Amani, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mwanga wa tochi ulirudi usoni. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Wa mwisho nilimpima mwenyewe, nikaandika namba yake, nikamtia mfukoni nikisubiri mwenzangu afunge utepe, halafu dereva akapiga honi. Nikaingia garini. Mtu akisahau kitu kizito, begi humkumbusha. Kinyonga wa gramu chache hakukumbushi kitu.

Nilisimama pale barazani na mfuko mkononi nikipiga hesabu. Gari lilikuwa limekwenda Muheza kutafuta mafuta. Nyuma ya nyumba kulikuwa na msitu, mto unapita, miti mikubwa, kivuli kizuri. Nikajiambia: msitu ni msitu. Nikaanza kushuka ngazi.

"Unampeleka wapi huyo?"

Ni mzee wetu, aliyetuongoza usiku wote ule. Alikuwa amefanya kazi za msitu tangu ujana wake, amestaafu, na mradi ulimwita kwa sababu hakuna mti asioujua jina lake la Kisambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeuliza, unampeleka wapi?"

Nikamweleza. Hakunigombeza. Alichukua mfuko, akachungulia ndani, akaukunja mdomo wake taratibu ili hewa ipite.

"Huyu si wa hapa," akasema. "Huyu ni wa shambaai. Huku chini kuna wenziwe, wanafanana naye, lakini si yeye. Vaa viatu."

Wasambaa wana namna yao ya kuigawa nchi, na siku ile ndipo nilipoielewa. Kuna shambaai, juu, kwenye baridi na unyevu na migomba, na kuna nyika, chini, kwenye joto na miiba. Ni maneno mawili tu, lakini yanakwambia utapanda nini, utaugua nini, utamkuta mnyama gani. Sisi chuoni tulijifunza kwa namba: kila ukipanda mita 100, joto hushuka kiasi cha nyuzi 0.6. Sigi iko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, Amani kama mita 900. Ukikokotoa unapata tofauti isiyofika nyuzi tatu. Nilipokuwa darasani nilizidharau nyuzi tatu hizo. Mtu akivua sweta amezimaliza.

Tulianza kupanda saa tatu asubuhi. Kipimajoto changu kilisoma 22. Mzee alitangulia, panga kwapani, nami nyuma yake nimeubeba mfuko kifuani kama mtu aliyebeba yai. Kila baada ya muda aliniambia niuchovye kidogo kwenye maji ya kijito, nusu yake tu, kinyonga asikauke.

Huku chini msitu ulikuwa na sauti ya joto. Vipepeo wengi barabarani, wamejikusanya kwenye matope. Mivule imesimama mbalimbali, magome makavu, unaweza kuyasugua kwa kiganja yakatoa vumbi. Kwenye mwamba mmoja wenye kivuli, maji yakichuruzika, mzee alinionyesha lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo Ulaya hulipanda kwenye vyungu madirishani. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani kutoka milima hii na Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Lilikuwa limeota upande mmoja tu wa mwamba. Upande wa pili, hatua mbili, jua linapiga, hapakuwa na hata jani lake moja. Niliinama nikaangalia mara mbili kwa sababu sikuamini mpaka unaweza kuwa mwembamba hivyo.

Tukaendelea. Sijui ni kona ya ngapi mzee aliposimama na kunyoosha panga kuelekea mashariki.

"Unaona kule kunakong'aa? Hiyo ni bahari."

Sikuiona bahari. Niliona weupe tu. Lakini nilielewa anachosema. Toka Tanga mpaka hapa ni karibu mno. Upepo wa baharini unakuja umejaa unyevu, unagonga ukuta huu wa milima, hauna pa kupita ila juu, na ukipanda unapoa, na ukipoa unaachia maji. Ndiyo maana Amani hupata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na hakuna mwezi mkavu kabisa. Hata Julai, wakati kwetu Manyoni hata tone la mvua halianguki na mbuzi wanakula makaratasi, Usambara kusi huleta manyunyu.

"Sasa gusa mti," akasema.

Nikagusa. Gome lilikuwa limevaa. Kuvumwani kijani, nene kama blanketi la mtoto, na ndani yake kangaga na okidi zimejipandia zenyewe. Nilipobonyeza, maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikageuka kutazama mti tuliotoka kuupita kona moja chini, na gome lake lilikuwa karibu tupu. Hatukuwa tumepanda hata mita 100. Mstari wa ukungu ulikuwa hapo, na miti ilikuwa imeuandika mwilini.

Kuanzia hapo mzee alizungumza zaidi. Alinionyesha msambu, wenye matunda makubwa kama mkate, yanayoanguka chini na mbegu zake zina mafuta. Akina mama huzikusanya na kuziuza. Akanionyesha pia musizi, na hapo uso wake ukabadilika. Mti huo uliletwa, ukapandwa, na hondohondo wakaupenda. Wanameza tunda, wanaruka, wanaangusha mbegu palipo na mwanya wowote msituni. Penye mti mkubwa ulioanguka, panapotakiwa kuota mtoto wa msitu wa hapa, unaota musizi. "Msitu umejaa," alisema, "lakini umejaa wageni." Niliitazama miti ile, mirefu, mizuri, na kwa mara ya kwanza sikufurahi kuona kijani.

Tulipumzika kwenye daraja. Nilifungua mfuko kidogo. Kinyonga alikuwa amejibana kwenye kona, jicho moja linanitazama, jingine linatazama mzee. Nilimuuliza mzee kwa nini huku wapo wengi hivi, aina kwa aina, na kwetu nilimjua mmoja tu, yule wa kijani wa vichakani.

"Kwenu ni nyika," akasema, kana kwamba amemaliza.

Na kwa kweli alikuwa amemaliza, ingawa ilinichukua muda kuliona jibu. Milima hii ni sehemu ya mnyororo wa zamani sana, Milima ya Tao la Mashariki, kutoka Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Nyakati za barafu, dunia ilipopoa na bara la Afrika likakauka, misitu ya katikati ilisinyaa. Hapa haikufa, kwa sababu bahari iliendelea kutuma ukungu. Kwa hiyo viumbe wa msitu walibaki juu ya milima kama watu waliokimbilia vichuguu wakati wa mafuriko, ila mafuriko yenyewe yalikuwa ukame. Kati ya msitu huu na misitu ya Kongo kuna uwanda mkavu. Uwanda huo ndio kwetu. Jenasi (yaani ukoo wa aina zenye undugu wa karibu) ya vinyonga ambayo wataalamu wameipa jina la Kinyongia, kutokana na neno letu la Kiswahili, ina ndugu huku Usambara na ndugu wengine kule Rwenzori na Kongo Mashariki. Katikati hakuna. Katikati ni sisi na mbuyu wetu na miiba yetu. Nilikaa kwenye lile daraja nikifikiri juu ya bibi yangu, ambaye angemtimua kinyonga yeyote kwa fagio, amekaa juu ya ardhi iliyotenganisha ukoo.

Na si lazima uwanda uwe mpana. Usiku wa kwanza tulikuwa tumemkuta dume mwenye pembe mbili puani, bapa, kama visu vidogo vimekaa sambamba. Wa Usambara Mashariki na wa Usambara Magharibi walihesabiwa kuwa aina moja na wengine wa Milima ya Nguru, hadi mwaka 2008 walipotenganishwa. Kati ya Usambara hizi mbili lipo Bonde la Lwengera. Siku ya anga safi unasimama upande huu unaona moshi wa jikoni wa upande ule. Kwa mtu, ni safari ya asubuhi moja. Kwa kiumbe anayeishi kwa ukungu, lile bonde ni bahari.

Kilichonikaa moyoni kuliko vyote ni swali nililomuuliza mzee tulipoanza kupanda tena: joto likiongezeka, hawa watakwenda wapi? Hakujibu haraka. Tulipiga hatua kama hamsini.

"Watapanda," akasema.

"Na wakifika juu?"

Akanigeukia. "Wewe umesoma. Niambie wewe."

Sikuwa na la kumwambia. Usambara Mashariki haina urefu wa Kilimanjaro; kilele chake cha juu kabisa, Nilo, kinapita mita 1,500 kidogo tu. Baadaye niliposoma kwamba ndege wa misitu ya Usambara, walionaswa kwa nyavu na kuhesabiwa tangu miaka ya 1980, wamekuwa wakisogea juu, nilikumbuka uso wa mzee kwenye ile kona. Ngazi ina mwisho, na vidato vya juu ni vyembamba kuliko vya chini.

Saa tano na nusu tulifika. Kipimajoto kilisoma 17.5, ilhali jua lilikuwa limepanda kwa saa mbili na nusu tangu tuanze. Ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye vilele vya miti, na majani yakidondosha maji bila mvua kunyesha. Tulitafuta utepe wangu kwa muda mrefu. Mchana vitu vyote vilikuwa na sura nyingine, na mara mbili nilimwambia mzee, "Hapa panatosha, pako vilevile." Hakunijibu hata mara moja. Alikuwa amepiga goti, anapekua vichaka kimoja kimoja kwa ncha ya panga.

"Namba ngapi?"

"Thelathini na saba."

"Njoo."

Utepe ulikuwa kwenye kichaka kisichofika goti, hatua tatu kutoka kwenye kijito, chini ya mti mkubwa wenye mizizi ya mabawa. Niliufungua mfuko, nikaweka ukingo wake kwenye kijiti, tukangoja. Kwa dakika kadhaa hakutoka. Kisha kikatokea kiganja kimoja, kile kiganja cha vidole vilivyogawanyika vikundi viwili kama koleo, kikapapasa hewa, kikapata kijiti, kikashika. Akajivuta. Akayumba mbele na nyuma kama jani linalopigwa na upepo, ingawa upepo haukuwepo. Tone likadondoka kutoka juu, likatua kwenye pua yake, akalinywa. Alikuwa amekaa chini kwenye joto zaidi ya saa kumi, na sasa alikuwa anakunywa.

Mzee aliketi kwenye mzizi akatoa muhogo wa kuchemsha kwenye kitambaa, akanimegea. Nilitoa daftari langu. Kwenye safu ya mahali, kwa wote thelathini na saba, nilikuwa nimeandika neno lilelile: Amani. Nikaufuta mstari wa mwisho. Nikapima kwa rula kutoka ardhini hadi kwenye kijiti, nikahesabu hatua hadi kijitoni, nikatazama mti na kumuuliza mzee jina lake, nikaandika. Halafu nikafungua ukurasa wa nyuma, kwenye namba thelathini na sita.

"Huyu tulimpata wapi?" nikamuuliza.

"Maliza muhogo kwanza," akasema. "Wote nawakumbuka."