Unga wa brauni unasingiziwa bure

Jamani huu unga wa ngano isiyokobolewa unasingiziwa sana. Mtu anaujaribu mara moja, mkate unatoka mzito kama tofali, anarudi zake kwenye unga mweupe na kuusema vibaya huu wa brauni kila mahali, kumbe resipi katumia ileile, maji yaleyale, hata muda haujaongezeka.

Iko hivi. Unga mweupe ni ile sehemu ya ndani ya punje tu, huu wa brauni wamesaga punje yote na pumba zake na kiini chake (kile kinachochipua mmea), sasa pumba zinanyonya maji mengi ila zinanyonya polepole, kwa hiyo mwanzoni donge linanata vidoleni unaona maji yamezidi, unaongeza unga, na hapo ndo ushaharibu, maana ungelisubiri kidogo lingekaza lenyewe. Mi kila kikombe cha brauni kinachoingia badala ya cheupe nakiongezea maji vijiko vya chai viwili hivi, nachanganya mpaka unga mkavu usionekane, nafunika, naliacha dakika 30 ndo nianze kukanda. Ukilishika tena utasikia tofauti, limelainika, linavutika, zile chenga za pumba hazikwaruzi kiganja. Na hizo chenga zikiwa kavu ndo zinakatakata gluteni (zile nyuzi za protini zinazolifanya donge livutike), mkate unashindwa kushika hewa.

Kiasi? Mkate anza nusu kwa nusu. Keki mi siendi zaidi ya theluthi, labda iwe ya ndizi au karoti ambayo ina unyevu wake. Pankeki na biskuti weka hata wote, hazina makuu.

Kingine, usisubiri donge liumuke mpaka lijae mara mbili kama ulivyozoea. La brauni linaumuka haraka halafu linachoka haraka, likizidi linakuja kubonyea kwenye oveni. Libonyeze na kidole, shimo likirudi taratibu na lisijae lote, choma (saa ya ukutani achana nayo).

Halafu usinunue mwingi ukauweka kabatini miezi na miezi. Kile kiini kina mafuta na mafuta yanachacha, wangu unakaa friza kwenye chombo chenye mfuniko. Kama una wasiwasi na wa siku nyingi weka kidogo ulimini, ukikuachia uchungu tupa tu, huo hata uumiminie asali mkate wake hauliki.