Tawi la Mkesha wa Pasaka

Kinyunyizio chetu cha maji ya baraka kanisani kilikuwa cha shaba: mpini, na mwishoni mwake tufe kubwa lenye matundu. Ndani ya tufe hilo hukaa sifongo, nayo ndiyo inayoshika maji. Padre akichovya kwenye ndoo na kukung'uta mkono, matone hutoka kama manyunyu.

Mchana wa Jumamosi Kuu nilikifungua nikisafishe. Nilikuwa na miaka 11, mtumishi wa altare, na kazi hiyo nilikuwa nimeiomba mwenyewe. Sifongo ilikuwa imekauka, imefanya ukoko mweupe wa chumvi ya maji ya baraka. Nikailoweka, nikaisuuza, nikarudisha tufe mahali pake. Sikulikaza.

Usiku, padre alitumbukiza Mshumaa wa Pasaka majini mara tatu, akayabariki maji. Tukarudia ahadi za ubatizo huku mishumaa ikiwaka mikononi mwa watu, kisha kwaya ikaanza, "Niliona maji yakitoka hekaluni." Nikatembea kando ya padre na ndoo, yeye akiwanyunyizia watu. Kwenye safu ya tatu alikung'uta kwa nguvu, tufe likachomoka, likadunda sakafuni na kuviringika chini ya mabenchi. Nililisikia likigonga mguu wa benchi, likaendelea. Ndoo ilianza kutetemeka mikononi mwangu.

Padre hakunitazama hata. Alirudi hadi kwenye kisima cha ubatizo kilichopambwa, akachomoa tawi lenye majani mengi, akalichovya ndooni, akaendelea. Matone sasa yalikuwa mazito. Bibi mmoja yalimwenea uso mzima. Akafumba macho, wala hakujifuta, maji yakimchirizika hadi shingoni. Mpaka leo sijaona mtu akipokea maji ya baraka namna ile.

Baada ya Misa nililia sakristiani, chumba cha kujiandalia ibada. Padre akafungua Biblia, Zaburi ya 51, akaweka kidole kwenye mstari: unisafishe kwa hisopo. Kisha Kutoka 12, Waisraeli wanapochovya hisopo katika damu ya mwanakondoo na kuipaka milangoni.

"Hisopo ni mmea, mwanangu," akasema. "Matawi yalitangulia. Shaba imekuja baadaye sana."

Tukashika mshumaa, tukaingia tena kanisani kulitafuta tufe. Lilikuwa limefika ukutani, sifongo bado imelowa. Nikalikaza kwa mikono miwili, yeye akinimulikia.